Ramani ya Dar es Salaam ianzie Mbezi

Mtu akitoka Kasekese, huku Katavi, kwenda Dar es Salaam, sehemu ngumu ya safari si ile ndefu. Ile ndefu haina shida. Unafika Mpanda, unakata tiketi, unakaa kitini, na miji inakuja mmoja baada ya mwingine kama ilivyokuja mwaka jana: Inyonga, Koga, Sikonge, Tabora, kisha Dodoma, kisha Morogoro. Hata aliyelala njia nzima hapotei, maana basi ni moja na barabara ni moja. Kazi inaanza pale basi linapoingia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na konda anatangaza kwamba mwisho wa gari ni hapo.

Stendi hiyo ilifunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo. Ni kubwa, inapendeza, na iko mbali na karibu kila mahali anapokwenda mgeni wa mkoani. Mwenye karatasi ya rufaa ya Muhimbili, anayekwenda kwa shemeji yake Mbagala, mwenye duka anayefuata mzigo Kariakoo, kijana aliyeitwa kwenye usaili Posta: wote wanashuka pale, wengi wao alfajiri, na wote wana swali moja. Nipande nini? Jibu wanalipata kwa yeyote aliye karibu. Na aliye karibu mara nyingi ni mpiga debe au dereva wa bodaboda, ambaye ana sababu zake za kukujibu hivyo anavyokujibu.

Ninachodai leo ni hiki: jiji la watu zaidi ya milioni 5, kwa hesabu ya sensa ya 2022, halipaswi kumwachia mpiga debe kazi ya ramani. Lichorwe karatasi moja, kubwa, la kubandikwa ukutani, linaloonyesha mwendokasi, daladala, treni na pantoni kwa pamoja. Na lichorwe kwa macho ya mgeni.

Najua nitakachojibiwa. Dar haina treni ya chini ya ardhi, ramani za namna hiyo za nini? Lakini ramani maarufu ya London, ambayo miji mingi duniani imeiga, haikupata sifa kwa sababu ya mahandaki. Mwaka 1931 Harry Beck, mtu aliyezoea kuchora michoro ya nyaya za umeme katika shirika la treni za jiji hilo, alijiuliza abiria anataka kujua nini hasa. Abiria hajali kama kituo kinachofuata kiko mita 300 au kilomita 3. Anajali vituo vinafuatana vipi, na abadilishie gari wapi. Basi Beck akainyoosha mistari yote: mingine ikalala, mingine ikasimama, mingine ikaenda mshazari kwa nyuzi 45. Akatanua katikati ya mji palipobanana na kuvuta karibu viunga vya mbali. Wakubwa wakaikataa kwanza, wakaona ni kioja. Ilipochapishwa mwaka 1933 abiria waliigombania, na mpaka leo London inatumia mtoto wa mchoro ule.

Sisi wa vijijini hilo hatukulihitaji kutoka London. Muulize mzee yeyote hapa Kasekese njia ya kwenda shambani kwa fulani, hatakutajia kilomita hata moja. Atakwambia vuka mto, pita shule, ukifika mwembe mkubwa shika kushoto, na ukiona kisima ujue umepitiliza. Mfuatano, kona, na alama ya kukuonya. Ndiyo kazi yote ya Beck, tena bila karatasi. Na aliyewahi kupanda treni ya Mpanda amekwenda mbele zaidi, kwa sababu amejifunza makutano. Upande wetu huu wa magharibi Reli ya Kati ina makutano mawili ya kukumbuka: Tabora, ambapo njia ya Mwanza inaachana na ya Kigoma, na Kaliua, ambapo tawi letu linachepuka kuja kusini. Mtoto wa darasa la tatu Mpanda anaweza kukuchorea hiyo mchangani kwa kijiti.

Kwa hiyo mgeni wa mkoani si mjinga wa ramani. Ananyimwa tu ya kusoma.

Tazama vitu vilivyopo Dar. Mwendokasi ulianza Mei 2016, kutoka Kimara kwenda Kivukoni na Gerezani, na tawi la Morocco. Barabara ya Mbagala ikajengewa njia yake katika awamu ya pili, na awamu za Gongo la Mboto na Tegeta zikafuata. Treni ya mjini, ile wananchi waliyoibatiza treni ya Mwakyembe, ilianza Oktoba 2012 kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na TAZARA nao wakawa na ya kwao. Mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kwenda Morogoro na Dodoma. Pantoni linavuka Magogoni kwenda Kigamboni kila siku. Na daladala, ambazo hazihitaji utambulisho, zinajaza nafasi zote zilizobaki. Vyombo tunavyo. Lakini DART wana mwendokasi wao, TRC wana treni yao, TEMESA wana pantoni lao, na LATRA ndio wanaotoa leseni za njia za daladala. Kila mmoja anajua cha kwake, na abiria ndiye anayetakiwa kuviunganisha kichwani.

Chukua Kivukoni. Mwendokasi unaishia hatua chache tu kutoka pantoni. Mkazi wa Kigamboni anajua, anashuka akitembea bila hata kuinua macho. Mgeni aliyeambiwa aende Kigamboni hajui kwamba basi na chombo cha majini vinakutana hapo. Anaweza kuzungushwa kwa bodaboda hadi Daraja la Nyerere kwa hela ambayo ingemfikisha kwa pantoni mara kadhaa. Au chukua Kimara. Njia maalumu ya mwendokasi inaishia Kimara Mwisho, na mabasi ya mikoani yanaishia Mbezi, mbele ya hapo. Ule mwanya kati ya mwisho mmoja na mwingine ni mfupi kwa kilomita, lakini ndipo watu wanapoibiwa na kulizwa. Mchoro mmoja ungeuziba kwa mstari wa sentimita mbili.

Sasa majina. Hapa ndipo mchoraji atakapotoa jasho, na mimi ndipo ninapopapenda zaidi.

Dar ina Mbezi mbili, ya Luis na ya Beach, ziko kwenye barabara mbili tofauti, moja ya Morogoro na nyingine ya Bagamoyo. Ndugu yangu mmoja aliwahi kushushwa kwenye ile isiyo yake saa 3 usiku, na konda aliyemshusha hakuwa na kosa, maana aliambiwa Mbezi naye akafika Mbezi. Halafu tumeongeza tatizo jingine jipya la majina. Stendi ya mabasi ya Mbezi inaitwa Magufuli. Stesheni ya SGR ya Dar es Salaam, iliyo katikati ya mji, nayo inaitwa Magufuli. Sina ugomvi na kumuenzi Rais. Lakini mtu wa Katavi akipigiwa simu na mwenyeji wake kwamba nakusubiri Magufuli, afanyeje? Yuko upande mmoja wa jiji, mwenyeji yuko upande mwingine, na kila mmoja anaapa amefika. Na jina la kiongozi lina shida nyingine. Cairo, jiji la kwanza Afrika kuwa na treni ya chini ya ardhi, tangu 1987, walikuwa na kituo kikubwa cha makutano kilichoitwa Mubarak. Mwaka 2011 utawala ulipoanguka kikabadilishwa kuwa Al-Shohadaa, yaani Mashahidi, na ramani zote zikabidi zichapwe upya. Jina la kituo lina kazi moja tu, kutofautisha mahali na mahali.

Kwa upande wa pili, Dar imebahatika kuliko inavyojua. Pita barabara ya Morogoro na uhesabu vituo kwa masikio: Mwembechai, Mapipa, Jangwani, Fire. Geukia Kinondoni upate Mkwajuni. Shuka mjini ukute Mnazi Mmoja. Haya majina ni picha tayari. Mexico mwaka 1969, walipofungua treni yao, walimpa Mmarekani Lance Wyman na wenzake kazi ya kutengeneza alama ya kila kituo, ili hata asiyejua kusoma ajue ashuke wapi. Chapultepec ikapata panzi. Bibi wa Mexico anaweza kumwambia mjukuu wake, ukimuona panzi shuka, na mjukuu akafika salama.

Sisi tungehitaji kutafuta nini? Mwembechai ni mwembe na kikombe cha chai. Mkwajuni ni ukwaju. Mnazi Mmoja usichorewe minazi miwili, basi. Mapipa ni mapipa. Fire ni gari la zimamoto. Kivukoni ni pantoni. Urafiki, kwenye kile kiwanda cha nguo tulichojengewa na Wachina, ni mikono miwili inayoshikana au roli la kitambaa, wachague. Korogwe iliyoko Kimara itahitaji kitu cha kuitenga na Korogwe ya Tanga, na Kagera ya Magomeni kitu cha kuitenga na mkoa, maana mgeni akiona Kagera kwenye kioo cha basi anaweza kudhani amepanda la Bukoba. Argentina ya Manzese sina la kumshauri mchoraji, pengine mpira.

Nasema hili kwa uzito, si kwa mzaha. Mama zetu wengi wa umri mkubwa vijijini hawasomi, au wanasoma kwa kusitasita, na ndio hao hao wanaopelekwa Muhimbili. Wengine wanasoma vizuri lakini miwani imeachwa nyumbani. Picha ya mkwaju haihitaji miwani.

Na rangi je? Hapo pia hatuanzi sifuri. Daladala za Dar zimevaa mikanda ya rangi ubavuni kuonyesha njia, na mbele zimeandikwa vituo vyake viwili vya mwisho. Wakazi wanalitambua gari lao kwa mbali kabla hawajasoma neno. Mchoraji mwenye akili ataichukua desturi hiyo na kuipanga, asilete rangi zake mwenyewe kutoka kwenye kompyuta. Ila ajiandae kwa jambo moja. Mwendokasi unaokwenda Gerezani unapita Msimbazi, kwa Wekundu, na kabla ya hapo umepita Jangwani, kwa Wananchi. Akithubutu kupaka mstari mzima nyekundu, watu wa Yanga watadai kikao. Akipaka kijani, Simba wataingia barabarani. Nashauri zambarau.

Kuna wanaosema michoro ya namna hii inadanganya, na hawajakosea. New York mwaka 1972 walichapisha ramani ya Massimo Vignelli, safi kama kitambaa kilichopigwa pasi, lakini bustani yao kubwa ya Central Park ikatokea kama mraba ilhali ni ndefu mara kadhaa ya upana wake, na wenyeji wakaudhika. Mwaka 1979 ikaondolewa, ikaja inayofuata sura halisi ya mji. Mwaka 2025 shirika lao la usafiri likarudi kwenye mchoro ulionyooka unaofanana na ule wa Vignelli. Miaka zaidi ya 40 ya ubishi, kwa karatasi. London nako watalii hupanda treni kutoka Leicester Square hadi Covent Garden, mwendo wa mita kama 260, kwa sababu kwenye mchoro vituo hivyo vinaonekana mbali sawa na vingine.

Dar tungelipa zaidi kwa kosa hilo, kwa kuwa watu wetu wanatembea. Anayejua kwamba vituo viwili viko jirani ataokoa nauli na kupiga mguu. Kwa hiyo mistari inyooshwe, sawa, lakini pale vituo vinapokaribiana iandikwe dakika za kutembea kwa tarakimu ndogo. Na bahari ibaki. Na mto Msimbazi ubaki, tafadhali. Mwaka 2009 London waliufuta mto Thames kwenye ramani yao ili kupunguza msongamano wa michoro. Wananchi wakapiga kelele, meya akaagiza urudishwe. Wao mto ule unawasaidia kujua wako upande gani. Sisi wa kwetu una la ziada: mvua kubwa ikinyesha, Jangwani panajaa maji na mwendokasi unakatika palepale, na karakana yenyewe ya mabasi iliwekwa kwenye bonde hilo. Abiria akiuona mstari wa buluu ukikatiza njia yake ataelewa kwa nini siku ya masika basi halifiki mjini. Ramani isiyoonyesha mto huo inamficha abiria jambo analolipia.

Majirani zetu wametutangulia. Nairobi, mwaka 2014, watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia na kampuni ya Groupshot walitoa ramani ya matatu iliyochorwa kwa mtindo wa treni za chini. Vijana walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi kila njia na kila kituo, njia zaidi ya 130. Mwaka uliofuata taarifa hizo zikaingia kwenye Google Maps. Mtu angedhani usafiri wa makanga na vurugu hauchoreki. Umechoreka. Tena uliochorwa ukasema jambo ambalo kila mtu alilijua kwa miguu lakini hakuna aliyeliona kwa macho: karibu njia zote zinakimbilia katikati ya mji, na anayetaka kwenda kutoka kiunga kimoja hadi kingine lazima aingie tao kwanza kisha atoke. Ramani nzuri humwonyesha abiria njia, na humwonyesha mpangaji wa jiji aibu yake.

Nairobi wana faida moja juu yetu, namba. Huko namba ya basi ina nguvu mpaka imegeuka kuwa jina la mtaa. Githurai 44 na Githurai 45 ni mitaa ya watu, na namba zile zilikuwa za mabasi. Dar tunasema Mbagala–Mwenge, Tegeta–Kariakoo. Mimi sioni haja ya kuwaiga kwenye hili. Mtu anayesema majina mawili ameshakwambia mwanzo na mwisho, na namba haikwambii chochote mpaka ufundishwe. Addis Ababa nao, waliofungua treni zao za mjini mwaka 2015, wana mistari miwili tu, kijani na buluu, inayotumia reli moja katikati ya mji. Ramani yao ingetosha kwenye kiganja. Yetu haitatosha, na hilo lisitutishe.

Limebaki pingamizi la simu. Vijana watasema karatasi la ukutani la nini, wakati kila mtu ana simu janja? Kwanza, si kila mtu. Pili, aliyesafiri kutoka Mpanda simu yake imezima tangu Dodoma, na kama haijazima bando limekwisha. Tatu, na hili ndilo kubwa, simu inakuonyesha safari yako wewe peke yako, hatua kwa hatua, kama mtoto anayeshikwa mkono. Ukifika hujui umepita wapi. Ukutani watu watano wanasimama pamoja, mmoja anaweka kidole, mwingine anamsahihisha, wa tatu anagundua kwamba anakoenda ni karibu kuliko alivyodanganywa. Nauli ikitajwa juu zaidi ya inavyostahili, mtu mwenye ramani nyuma yake anaweza kubisha.

Wapiga debe wasinielewe vibaya. Wanafanya kazi halali, na wengi wao wamewasaidia ndugu zangu bila kudai shilingi. Lakini msaada wa mtu unategemea hali yake siku hiyo. Saa 10 alfajiri, mvua ikinyesha, na mgonjwa amekaa juu ya begi, hutaki kutegemea hali ya mtu.

Kazi hii haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. LATRA wana orodha ya njia, kwa kuwa ndio wanaozitolea leseni. DART na TRC wana vituo vyao kwenye michoro ya wahandisi. Vijana wa kuchora tunao: mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia Tandale, Manzese na kata nyingine za Dar katika mradi wa Ramani Huria, wakachora mitaa, mifereji na sehemu zinazofurika, wakishirikiana na wakazi wenyewe. Waliochora mifereji ya Tandale hawatashindwa na daladala za Tandika. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kuwaweka wote meza moja na kusema ramani ni moja, si nne.

Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi ndiye mtu huyo, na ombi langu ni kwake. Ianze kuchorwa kutoka Mbezi, kwa sababu hapo ndipo Tanzania yote inaposhukia, halafu ijaribiwe kwa watu wasiolijua jiji. Wachukue abiria kumi wa basi la Katavi, wawape karatasi, wawaambie nendeni Muhimbili, kisha wakae pembeni na kuangalia wanakwama wapi. Warekebishe, wajaribu tena. Ikikamilika, nakala moja iletwe stendi ya Mpanda na ibandikwe kando ya dirisha la tiketi, tuanze kuisoma kabla ya kupanda gari.